Niliwaunganisha Bilinganya na Chura

Niliwahi kusema nimeona kitu ambacho sijakiona, na kwa ujinga huo nusura nimuue bibi wa watu aliyeko ng'ambo ya bahari. Naanza na aibu yangu mwenyewe ili ukifika mbele usije ukasema najisifu. Kuamini ni hiari yako, siwezi kukulazimisha. Ila mlango ulioingiwa ni wangu, kiti kilichokaliwa kipo mpaka leo, na jirani yangu Mama Zuhura, ambaye hanaga muda wa kunipamba, alikuwepo na aliona kwa macho yake.

Mie ni mtu wa ndani. Nakaa Mwananyamala, chumba na sebule, nyumba ya kupanga yenye ua mmoja, na ukiniona barabarani ujue chumvi imeisha. Kazi yangu ni kuwachapia watu barua za maombi ya kazi na mikataba ya pango. Elimu yangu kidato cha nne, na matokeo yake tuyaache hapo hapo yalipo. Sasa mtu wa namna hii akimaliza kazi anafanya nini? Wenzangu wana mpira, wana baa, wana wake. Mie nina muziki wa gemu za zamani.

Usicheke kwanza. Nazungumzia zile gemu za kaseti tulizokuwa tunacheza kwenye TV utotoni, kaseti ikigoma unaipuliza vumbi litoke. Zile nyimbo zake za ti-ti-ti kuna mtu alikaa chini akazitunga, mtu mwenye mama yake na mshahara wake mdogo. Na wengi wao hawajulikani. Kampuni za Japani enzi zile, nyingi zilikuwa zinaogopa washindani wasije wakawachukua watu wao, basi wafanyakazi wakaambiwa wajiandike kwa majina ya utani. Ukicheza gemu ukashinda mpaka mwisho kabisa, ndipo majina yanapanda kwenye kioo: muziki umetungwa na fulani. Na huyo fulani unakuta ni jina la mboga.

Kuna tovuti moja ya watu wa kujitolea, wametapakaa dunia nzima, na kazi yao ni kuhakiki mambo hayo. Jina hili la utani ni la nani? Nyimbo zipi ni zake? Yupo hai au alishafariki? Hatulipwi. Tunagombana tu. Nami nilikuwa mmoja wao na nikajiona mtu mzito, maana mtaani kwangu hata muuza genge hanikumbuki, lakini kule kuna msimamizi mmoja, Mbrazili, aliwahi kuniita mtaalamu. Ile sifa ilinilevya wiki nzima.

Basi kulikuwa na watunzi wawili wa kampuni moja. Majina yao nitayageuza kwa Kiswahili, kuyaandika kama yalivyo siwezi tena. Mmoja alijiita Bilinganya, mwingine Chura. Bilinganya ilishajulikana kwamba alifariki zamani, angali kijana. Chura hakuna aliyejua lolote juu yake. Nikakaa na nyimbo zao, nikavaa spika za masikioni, na nikagundua kitu. Wote wawili walikuwa na tabia moja: wimbo ukikaribia kurudi mwanzo, besi inanyamaza kidogo, kama mtu anayevuta pumzi, kisha inaingia tena. Watunzi wengine wa kampuni ile hawakufanya hivyo. Nikasema nimemnasa. Huyu ni mtu mmoja mwenye majina mawili.

Mbrazili akaniuliza jambo la maana. Kuna gemu moja ya kampuni ile, ya kunguru anayerudisha mayai yake yaliyoibwa, anaruka juu ya mapaa ya nyumba, na muziki wake ulisemekana ni wa hao wawili. Gemu ile ni ngumu, karibu kila mtu huishia njiani, na hakuna aliyewahi kuleta picha ya majina ya mwisho. Akauliza, "Umeifikisha mwisho? Umeyaona majina?"

Sasa wakati ule maharage yangu yalikuwa yanaungua jikoni. Nakuambia ukweli mtupu. Ningeandika "hapana" ningeulizwa maswali mengine, na maharage hayasubiri. Nikaandika, "Nimeyaona. Jina ni moja." Nikabonyeza kitufe cha kuunganisha majina kuwa mtu mmoja, nikakimbilia jikoni. Kumbe tangu nizaliwe sijawahi kuvuka hatua ya tano ya gemu ile. Kuna upepo pale unamrusha kunguru wangu chini kila mara.

Unaona nilichofanya? Bilinganya ni marehemu. Bilinganya ndiye Chura. Kwa hiyo Chura naye nikamzika.

Watu wengine mambo haya huwakuta usiku wa manane, njia panda, mbwa wanalia. Mie yalinikuta alasiri, jua kali, niko na bukta.

Hodi ikapigwa. Nikasema karibu kwa uvivu, nikijua ni mtu wa kuchapiwa barua. Akaingia baba mmoja wa rika langu, shati la mikono mirefu limenyooshwa vizuri, mkononi mfuko wa machungwa. Sikuwahi kumwona. Akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo."

Nikashtuka. Mtu wa umri wangu ananiamkia? Nikasema nimezeeka bila kuambiwa, nikaitikia, "Marahaba."

Sijamaliza kuitikia, sura ikabadilika. Si kwamba ngozi ilibadilika, la. Ni ule mtazamo. Akajinyoosha, akakunja mikono tumboni, akanitazama kama bibi anayemtazama mjukuu asiye na adabu. Akakaa hivyo hivyo kimya, akisubiri. Mie nikaona kimya kimezidi, mdomo ukanitoka wenyewe, "Shikamoo."

"Marahaba," akasema, na sauti ilikuwa nyembamba na ya zamani.

Hapo ningekuwa mtu wa kutembea tembea ningetoka nje. Lakini nje mie sipazoei. Nikamkaribisha kiti.

Alikaa, akatoa chungwa. Mkono wa kushoto ukaanza kulimenya haraka haraka kwa njaa. Mkono wa kulia ukalisukuma pembeni. Kushoto ukalirudisha, kulia ukalisukuma tena, ikawa inagombana hivyo mapajani mwake, na yeye mwenyewe ananitazama mie wala hashughuliki nao. Nikajisemea, huyu mgonjwa wa watu kapotea. Nikawa nawaza nimtoeje kwa heshima.

"Umetuunganisha," akasema. "Tutenganishe."

Niliielewa kauli ile mara moja. Hicho ndicho kilichonitia baridi. Mtu mwingine angeuliza, "Nani? Nini?" Mie nilijua kabla hajafunga mdomo. Hata hivyo nikajitia mjinga, nikasema, "Mzee wangu, labda umekosea nyumba. Mie nachapa barua tu."

"Wewe ndiye uliyesema umeyaona majina."

Hapo ndipo Mama Zuhura alipoingia. Nimtambulishe: anatokea Lindi, chumba chake kimepakana na changu, anauza barafu za ukwaju na ubuyu, na friza lake linakoroma ukutani kwangu mchana kutwa. Alikuja kuchukua ndoo yake niliyoiazima nikasahau kuirudisha. Akanitazama, akamtazama mgeni.

"Jirani, una mgeni halafu umekaa na bukta?"

"Amekuja ghafla."

Akamtazama tena yule baba, safari hii kwa muda, na ile mikono yake inayogombania chungwa. Akaiweka ndoo chini taratibu. Hakupiga kelele wala hakurudi nyuma. Akauliza kwa upole, kama anayemuuliza mteja anataka barafu ipi, "Karibu sana. Jina lako nani, na umetoka wapi?"

"Bilinganya," mdomo ukasema kwa sauti ya kijana. Kisha mdomo ule ule, kwa ile sauti nyembamba, ukasema, "Chura."

Mama Zuhura akanigeukia. "Wako wawili, wamepanda kichwa kimoja."

Alisema hivyo kama anavyosemaga maji yamekatika.

Nikamwambia, "Mama Zuhura, mie mambo hayo siyaamini."

"Nani kakuomba uamini? Shangazi yangu alikuwa akipandwa na pepo. Mgeni akija kichwani unamuuliza jina, ukishalijua jina unamuuliza anataka nini. Basi. Kukimbia ndiyo unaharibu." Akavuta kigoda akakaa. "Haya, wageni, semeni haja yenu. Marashi? Kitambaa chekundu? Ila mbuzi mapema kabisa nawaambia hapa hamna, huyu mwenyewe anakula maharage."

"Tunataka arekebishe alichoandika," kijana akasema.

Mama Zuhura akanitazama. "Umeandika nini?"

Usiniulize Wajapani walikijulia wapi Kiswahili. Mama Zuhura anasema mgeni hutumia mdomo alioukuta. Kazi ngumu kwangu ilikuwa kumweleza yeye. Hebu jaribu wewe kumweleza mama muuza barafu tovuti ni nini, majina ya utani ni nini, na kwa nini mtu mzima anashughulika na nyimbo za gemu. Alinisikiliza bila kupepesa.

"Kwa hiyo umemwandika mtu aliye hai kuwa marehemu," akasema.

"Kwa bahati mbaya."

"Bila kumuuliza mtu."

"Ndiyo."

"Kwa sababu ya maharage."

Kuna maswali ukiyajibu unazidi kuchafuka.

Bibi, yaani ile sauti nyembamba ya Chura, ndiye aliyeeleza hali ilivyo, na alieleza kwa uchovu, akipumzika kati ya maneno. Yeye ni mzee, yuko huko kwao katika nyumba wanakolelewa wazee. Tangu nilipobonyeza kile kitufe, kila akisinzia anajikuta amelala mahali pa mwenzie. "Kuna udongo," akasema. "Kuna baridi ya chini. Jana nilirudi kwa shida sana. Kwetu sasa ni usiku, macho yananifunga. Nikilala leo nikiwa bado yeye, sirudi."

"Na mie mnadhani nafaidi?" kijana akadakia. "Nimekufa nikajua angalau nitapumzika. Naamshwa nimeze dawa za presha, naamshwa nipimwe joto. Nimechoka."

Mama Zuhura akasikitika kwa ulimi. "Maskini, wote hawajalala." Akaniambia, "We baba, unangoja nini?"

Nikafungua kompyuta. Kutenganisha majina, nikakuta, si kama kuunganisha. Kuna kanuni kwamba waliounganishwa hawatenganishwi bila ushahidi wa picha, na kanuni hiyo niliipigia kura mwenyewe, tena kwa mbwembwe. Nikamwandikia Mbrazili kwamba nilikosea. Akajibu haraka, "Si ulisema umeyaona majina? Nitumie picha ya kioo." Nikaandika kuna dharura. Akauliza, "Chanzo chako kipi?" Nikaandika, "Wenyewe wamenijia nyumbani." Akanitumia kikaragosi kinachocheka mpaka machozi.

Ikawa hamna njia ila moja. Kuicheza ile gemu ya kunguru, kuimaliza, na kuyapiga picha majina.

Nikaanza. Hatua za mwanzo nilizivuka, vidole vinazijua. Hatua ya tano, upepo, kunguru chini. Nikarudia, chini. Bibi alikuwa anasinzia, na kila kichwa chake kikiinama, ule mkono wa kulia ulikuwa unalegea kwanza, unaning'inia kama kitambaa. Mama Zuhura alimfinya kidogo begani. "Bibi, usilale. Nisimulie, watoto unao?"

"Sikujaaliwa. Nilikuwa na kazi."

"Na kazi nayo mtoto. Endelea."

Nikiwa nafika tena kwenye upepo, kompyuta ikazima pwii. Umeme umeisha. Nilikuwa nimeahirisha kununua tangu juzi, kwa sababu kibanda cha wakala kiko nje, na nje nilishakuambia. Betri ya kompyuta yangu ilikufa zamani, ukichomoa waya nayo imezima. Gemu yenyewe haikumbuki ulipofika. Unaanza upya, kunguru wako na kiota kitupu.

Nilibaki nimekaa. Sitaficha, nilijisikia kulia. Mtu anakufa kwenye kiti changu kwa sababu ya uvivu wangu ulio juu ya uvivu.

Mama Zuhura alishatoka. Akarudi anavuta waya mrefu kutoka kwake, anaupitisha dirishani. Ndipo nikasikia ukuta wangu umenyamaza. Friza halikoromi.

"Na barafu?" nikauliza.

"Soketi ni moja. Chomeka, usinitazame."

Nikachomeka. Nikaanza upya. Nilipofika karibu na ule upepo, kijana akasema, "Mbona unacheza bila sauti?"

Ni kweli. Nimekuwaga nacheza bila sauti, maana nyimbo zenyewe nazisikiliza pembeni, safi, peke yake, kama mtaalamu. Gemu nacheza kwa macho tu.

"Washa," akasema. "Upepo unakuja pale besi inapovuta pumzi. Niliiweka makusudi, mchezaji apate kuonywa."

Nikawasha. Mkono wake wa kushoto ukaanza kugonga meza yangu, besi. Baada ya kidogo ule wa kulia nao ukaamka, ukaingia juu yake kwa vidole, wimbo wenyewe. Sijui nikuelezeje. Nimesikiliza wimbo ule mara nyingi kuliko sauti ya mama yangu, na nilikuwa nauona kama kitu kimoja. Pale mezani ilikuwa wazi kabisa kwamba ni watu wawili. Kushoto unakwenda mbele una haraka. Kulia unachelewa unywele mmoja nyuma yake, unasikiliza, unamjibu. Besi ikanyamaza. Nikamkalisha kunguru nyuma ya bomba la moshi. Upepo ukapita mtupu.

"Lakini nyimbo za bibi nazo zina pumzi hiyo," nikasema huku nacheza. Ubishi wangu hauishi hata katika hali kama ile. "Hata zile za miaka ya baadaye. Ndiyo maana nikasema ni mtu mmoja."

"Pumzi ni yake," bibi akasema. "Nilikuja kazini sijui kitu, akanifundisha kwenye meza yake. Akafa. Kampuni haikuandika jina lake la kweli mahali popote, wala hilo la utani halikukaa sana. Nikawa naiweka pumzi yake katika kila wimbo wangu, ili awepo mahali."

Mkono wa kushoto ukaacha kugonga. "Hukuniambia," kijana akasema.

"Ningekuambia wapi?"

Unajua nilikuwa nimeshika vitufe na kioo nakiona kwa ukungu? Ule ushahidi wangu, ule niliojivunia, ulikuwa maombolezo ya mtu. Na mie niliutumia kumfukia yeye mwenyewe.

Mama Zuhura akasema, "Haya, lieni baadaye. Gonga, kijana, mwenzio asije akaanguka na kunguru."

Akagonga. Hatua ya sita, ya saba. Nje adhana ya magharibi ikatoka, mwanga wa dirishani ukawa wa rangi ya chai. Bibi alikuwa amebaki na kidole kimoja tu kinachogusa meza. Hatua ya mwisho sikuitazama sana, niliifuata kwa masikio, na mara kunguru akatua kwenye kiota, mayai yakapasuka, makinda yakatoka. Sikuwahi kujua kama mayai yale yanaanguliwa. Kisha majina yakaanza kupanda. Mchoraji. Mpangaji. Muziki: Bilinganya. Na chini yake, mstari wake peke yake: Chura.

Picha ya kwanza niliyopiga kwa simu ilitoka ukungu. Ya pili ikakubali. Nikaituma. Sikuandika maelezo yoyote, niliandika tu, "Nilikuwa sijayaona. Samahani."

Kisha tukasubiri. Kile kidole kikaacha kugonga. Kichwa kikaanguka kifuani, na hata Mama Zuhura alipofinya hakikuinuka. "Bibi," akaita. "Bibi we." Mkono wa kushoto tu ndio uliokuwa hai, nao ulivuka taratibu, ukaushika wa kulia, ukaubana kama mtu anayemzuia mwenzie asidondoke ukingoni.

Simu ikatetemeka. Mbrazili. "Nimeiona. Nimewatenganisha."

Niamini kwa hili hata kama mengine utayaacha. Katika kifua kile kimoja nilisikia pumzi mbili. Moja ilitoka, ndefu, yenye raha, kama mtu anayejitupa kitandani baada ya safari. Nyingine iliingia, ya kushtuka, ya mtu anayetokeza kichwa majini. Zilipishana. Baada ya hapo alibaki yule baba peke yake, anapepesa macho.

"Samahani," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, yenye lafudhi ya bara. "Hapa wapi?"

Mama Zuhura akamwambia ni Mwananyamala. Akasema yeye ni karani, anakaa Madale, alikuwa anakwenda kumwona mgonjwa hospitali na anampelekea machungwa. Akayatazama maganda sakafuni, akanitazama mie na bukta yangu, na nikaona anahesabu mambo kichwani yasiyonipendeza. Tulimpa maji, tukamwelekeza njia. Alitembea haraka bila kugeuka, na simlaumu.

Barafu zote za Mama Zuhura zilikuwa maji. Nilizinywa siku tatu, ukwaju mtupu, na tumbo langu linajua habari hiyo.

Sasa nikuambie nilivyobaki. Tovuti bado naingia, lakini naandika kidogo sana, na sihakiki jina ambalo sijalifikia kwa kucheza mwenyewe hadi mwisho. Maana yake nimehakiki machache mno, kwa kuwa mchezaji mie ni mbovu. Nalala nimechoka, naamka nimechoka. Na kuna hili lingine: popote muziki unapopigwa, besi ikikata, pumzi yangu nayo inakata. Sivuti mpaka besi irudi. Nimejaribu kujizuia, haiwezekani. Vijana wa uani wakipiga singeli na yule mpigaji akawa na maringo ya kukatakata, nakaa kitandani nimeshika kifua, naomba Mungu airudishe besi.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama na wewe ni wale wa kusema hawa wawili ni kitu kimoja kwa sababu wanafanana kicheko au wanafanana hatua, acha kwanza. Kawaulize. Na usiseme umeona kama hujaona, hata jiko likiwaka moto. Hujui ni nani analala wapi kwa sababu ya neno lako.

Majuzi Mbrazili aliniandikia habari. Mwenzetu mmoja wa huko Japani alifanikiwa kumpata bibi Chura. Yupo, mzima, mkali kidogo. Ndugu zake walisimulia kwamba kuna siku alilala wakadhani ndiyo basi, akaja kuamka mchana, miguu inamuuma kama mtu aliyetembea mbali, na neno lake la kwanza lilikuwa kumuulizia yule mama wa barafu. Wakasema ni uzee.

Nilitoka nje mwenyewe, tena nimevaa suruali, nikampelekea Mama Zuhura salamu zake. Nilimkuta uani anafunga vifuko vya barafu.

"Bibi amekuulizia," nikamwambia.

"Kwa jina?"

"Alisema mama wa barafu."

Akafunga fundo, akachukua kifuko kingine. Akasema, "Yeye namsamehe, tumeonana siku moja na macho yenyewe hayakuwa yake. Wewe tunachangia choo miaka nenda rudi, na jina langu hulijui. Zuhura ni mwanangu."